Anarkali Jukwaani: Tulifuata Nguo, Tukakutana na Posa Zetu



Wengi wenu mnaingia dukani na neno moja tu: "Nataka anarkali." Mnamaanisha lile gauni la kubana kifuani, kisha linafunguka kwa vipande vingi mpaka chini kwenye vifundo vya miguu. Mwisho wa Oktoba tulikwenda Mumbai kununua vitambaa, tukapata bahati ya kumuona mwenye jina lake jukwaani.

Mughal-e-Azam ni filamu ya K. Asif ya mwaka 1960. Mama zetu, wale waliokuwa wakijaa Majestic na Empire, wanamjua Madhubala na Dilip Kumar kama wanavyowajua majirani. Feroz Abbas Khan aliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na ngoma, na ulifunguliwa tarehe 21 Oktoba 2016 katika ukumbi wa NCPA, Nariman Point. Wanaoigiza ndio wanaoimba, papo hapo, hakuna kufuatisha mdomo. Tiketi hazikuwa rahisi. Tuliswali Maghrib mapema tukaenda, na Isha tukaiswali tuliporudi, maana najua kuna atakayeuliza.

Tuseme kwanza la nguo, kwa sababu ndilo lililotupeleka. Manish Malhotra ametengeneza mavazi zaidi ya 550 kwa onyesho hili moja. Wachezaji wakizunguka, njuga zinalia miguuni na magauni yanafunguka kama miavuli, yote kwa pamoja, kisha yanatua kwa pamoja. Watu wa ukumbini walikuwa wakishangilia wimbo wa nyumba ya vioo, sisi watatu tumekaza macho kwenye mapindo. Siri iko hapo chini. Uzito wa zari umewekwa kwenye pindo, juu kitambaa kimeachwa chepesi, ndiyo maana gauni linaruka na kurudi mahali pake. Maharusi wetu hufanya kinyume: shanga kilo nzima kifuani, halafu mtandio unakuja kuzifunika, na bibi harusi anakaa usiku kucha anajikuna. Mkija tena tutawaambia pesa ya shanga ipelekwe kwenye pindo na kwenye mikono, na bitana iwe ya pamba.

Na jingine. Mikono mirefu, shingo imefunikwa, gauni mpaka chini, mtandio kichwani, na bado ukumbi mzima umezubaa kwa uzuri. Kucheza mbele ya wanaume si jambo letu na hatulitetei. Tunachosema ni kwamba yule binti anayetuambia stara inamzeesha, na kwamba bila mabega nje harusi haing'ari, hajaonyeshwa nguo. Lawama nusu ni yetu mafundi. Tunashona stara kama adhabu, gunia jeusi na lesi mbili, kisha tunashangaa wakikimbilia magauni ya kukodi.

Lakini usiku ule, hotelini, hatukulala tukizungumza nguo. Tulizungumza posa.

Kisa mnakijua. Mtoto wa mfalme, Salim, anampenda Anarkali, mtumishi wa ikulu anayecheza mbele ya wakubwa. Baba yake, Akbar, anakataa. Wanahistoria wengi wanasema Anarkali ni hadithi tu, na sawa, iwe hadithi. Sababu ya Akbar ndiyo iliyotukaa kooni. Hasemi binti ana tabia mbaya. Hasemi hana dini. Anasema ni mtumishi. Na yeye mwenyewe mkewe ametoka kwa Warajput, watu wasio wa kabila lake wala wa dini yake, ila ni binti wa kifalme, kwa hiyo pale hapakuwa na neno!

Hebu tuambiane ukweli, mashoga. Posa ngapi kisiwani hapa zinavunjika kwa jambo hilohilo? Kijana anaswali, ana kazi yake, binti ameridhika, halafu mjomba mmoja anakohoa na kuuliza, "Hao hasa ni watu wa wapi?" Hapo basi. Asili, nywele, babu alikuwa nani kwa nani, huyu wa shamba, yule kaja juzi. Na huitwa kufu, kana kwamba dini ndiyo iliyokataa. Sisi si masheikh, lakini hata chuoni tulisoma habari ya Zaid, mtumwa aliyeachwa huru, na ni Mtume mwenyewe, rehema na amani zimfikie, aliyemuoza Zainab binti ya shangazi yake. Anayetaka kukataa kijana kwa dini yake au tabia yake, ana haki na tutamuunga mkono. Anayekataa kwa ukoo aseme ni ukoo, asijifiche nyuma ya kitabu.

Hatumtetei Salim pia. Kumpigania baba yako vita kwa ajili ya mapenzi si mfano wa kuwapa watoto, na binti anayetoroka na mtu bila walii hutuita dukani akilia baada ya miezi sita, tunawajua. Ila ukiangalia vizuri, ni baba aliyefunga mlango wa halali kwanza.

Dukani kwetu kuna anarkali moja rangi ya maziwa, zari ya dhahabu kwenye pindo, mikono mpaka viganjani. Imekamilika, imepigwa pasi. Aliyeishonea alipimwa mara tatu kwa sababu alikuwa anakonda kwa furaha, ndivyo alivyosema. Posa ilikatwa wiki mbili kabla ya nikaha, na sababu tuliyoambiwa ilikuwa ya babu aliyekufa zamani. Malipo yote tulishapokea. Mama yake alituma mtu kuuliza kama tunaweza kuiuza kwa mwingine, tukasema hapana, itakaa hapa mpaka mwenyewe aje kuichukua.