Mbu wa Mapipa Asingojewe Mwiki

Tumezoea kuamini kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria. Mimi pia, nikiishi hapa Mwiki, niliamini hivyo. Lakini mwaka 2022 watafiti walimgundua katika kaunti ya Marsabit mbu mgeni, Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia. Huyu hahitaji kinamasi. Hutaga mayai mijini, ndani ya matangi na mapipa ya maji safi. Nani hapa Mwiki asiye na pipa? Mifereji hukauka, nasi hatuna budi kuweka akiba.

Sisemi kwamba amekwisha kutufikia. Hata hivyo, joto likizidi vimelea vya malaria hukomaa upesi ndani ya mbu, na sisi wa nyanda za juu miili yetu haijazoea ugonjwa huu. Afya ni jukumu la kaunti tangu mwaka 2013, na jina la Mwiki liko Kiambu na liko Nairobi. Mbu haulizi mpaka. Yafaa kaunti hizo mbili zikague mapipa kwa pamoja, na zahanati zetu zimpime damu kila mwenye homa, badala ya kumkisia.