Barua ya Mwenyekiti Si Leseni ya Kuchimba

Wanaokuja Kilwa na detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma, wasituoneshe tena barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti anaweza kumkaribisha mgeni, akampa hata kijana wa kumtembeza. Kumruhusu kuchimba hawezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka anayechimba kutafuta vya kale awe na leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, hata kama eneo lenyewe ni uwanja wa wazi ambako watoto wanacheza mpira kila jioni.

Ninafundisha historia Kilwa Masoko. Tulipokwenda Kilwa Kivinje na wanafunzi kuangalia boma la Mjerumani, tulimkuta mtu amevaa vipokea sauti masikioni, nyuma yake mashimo yamefuatana hadi karibu na ukuta. Nilimuuliza anatafuta nini. "Shikamoo mwalimu," akaitika kwa adabu. "Mimi natafuta rupia tu. Vya kale sivigusi."

Utetezi huo si wa kupuuza. Kwa sheria ile, masalia ya kale ni yale yaliyotengenezwa kabla ya 1863, na rupia za Mjerumani zilianza kutolewa 1890. Ile ya dhahabu yenye tembo, inayowakosesha watu usingizi, ilitengenezwa Tabora 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Ila mashine haisomi mwaka. Ikilia, haisemi kama chini kuna rupia, msumari au sarafu ya sultani wa Kilwa, na kabla mtu hajajua ameshachimba.

Sarafu hizo za Kilwa nyingi ni za shaba, na ni ndogo. Anayezitafuta kwa ajili ya utajiri atasikitika. Thamani yake iko pale zilipolala. Katika kisiwa cha Songo Mnara watafiti walikuta zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja. Nyingine, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Ingekuwa imefukuliwa usiku na kuuzwa mjini, leo ingekuwa kipande cha shaba, na mimi nisingekuwa na cha kuwaonesha wanafunzi wanaouliza dhahabu ya bara ilifikaje pwani.

Kukataza peke yake hakutoshi, na hapa naisema serikali yangu. Mvua kubwa zikinyesha Kilwa Kisiwani, ufukwe humomonyoka na watoto huokota sarafu bila kuchimba chochote. Sheria inataka zipelekwe kwa wahusika. Mtoto anajua mtalii atatoa noti papo hapo, lakini hajui ofisini atapewa nini, na mara nyingi hajui ofisi yenyewe ni ipi. Uingereza, kwa sheria ya 1996, aliyepata hazina huitaarifu mamlaka ndani ya siku 14, na jumba la makumbusho likiitaka, yeye na mwenye ardhi hulipwa. Hata hivyo, katika bustani za kifalme za London, kama Hyde Park, detekta haziruhusiwi kabisa.

Tufanye yote mawili. Detekta isiingie kwenye magofu, maboma, makaburi wala viwanja vya umma bila leseni, na kila mwenyekiti apewe nakala ya leseni kabla mgeni hajashusha mzigo. Aliyeokota naye alipwe Masoko, siku hiyohiyo, zaidi ya anachotoa mtalii, na aandikwe jina lake na mahali hasa alipookota. Bango lenye namba ya simu ya ofisi liwekwe kwanza pale wanapopandia mashua za Kisiwani, kabla ya masika.