Ukipata komisioni, uiseme waziwazi

Katika makundi ya simu ya vijana wanaopenda kupiga picha, swali moja haliishi: "Niko na dola mia mbili, ninunue kamera gani?" Jibu huja haraka, na mara nyingi linafuatana na linki ya duka la mtandaoni. Aliyeuliza anaituma kwa ndugu yake aliye Ubelgiji ama Kanada ili amnunulie. Asilolijua ni kwamba linki ile inaweza kubeba namba ya yule aliyeitoa. Ndugu akilipa, duka linamkatia mshauri fungu lake.

Biashara hii ni ya zamani. Amazon ilianzisha mpango wake mwaka 1996. Mtu akifungua linki yenye namba ya mshirika, duka linakumbuka kwa saa 24 ni nani aliyemleta. Hata akiacha kamera na kununua viatu, kwa kawaida mshirika bado anapata kitu. Na asilimia si moja kwa bidhaa zote: kuna zinazolipa vizuri na kuna zinazolipa kidogo sana.

Kupokea komisioni si wizi. Wakaaji wa Goma na Bukavu wanamjua vizuri komisioneri wa nyumba. Anamtembeza mpangaji mtaa kwa mtaa, na mwisho anadai haki yake. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo, kwa sababu tangu asubuhi kila mtu anajua anatafuta nini. Akisifu nyumba, mpangaji anaenda kuuliza majirani kama maji yanafika na kama paa linavuja. Shida inaanza pale komisioneri anapojifanya rafiki asiye na faida yoyote. Hapo mpangaji haulizi majirani tena.

Wenye kutetea linki hizi wana jibu lao: bei haipandi, ni duka ndilo linalolipa, basi nani ameumia? Kuhusu bei, mara nyingi wanasema kweli. Lakini hasara iko mahali pengine. Kamera iliyotumika ambayo jirani anaiuza haina komisioni. Fundi anayeweza kufufua lensi ya zamani hana linki. Na kumwambia mwenzako "ngoja kwanza, simu uliyo nayo inatosha kujifunza" hakuleti hata franga moja. Kwa hiyo ushauri unaomfaa zaidi mwenye pesa kidogo ndio ule usiomlipa mshauri. Mtu anaweza kuwa mwema na bado, bila kukusudia, akasahau kuutoa.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili lina uzito zaidi. Kijana aliyeacha vifaa vyake nyuma hanunui kamera kwa kujifurahisha tu. Anategemea picha za harusi na ubatizo zimsaidie kulisha wadogo zake. Dola hizo zimechangwa na watu wengi. Akielekezwa vibaya, hana nyingine za kujaribu tena.

Hata makampuni makubwa yaliwahi kulaumiwa kwa sababu hii. Mwanzoni mwa mwaka 2012 ilijulikana kuwa Pinterest, mahali ambapo watu walibandika picha za mapishi, ushonaji na mapambo ya nyumba, ilikuwa ikitia alama za komisioni katika linki zilizowekwa na wanachama, kupitia kampuni inayoitwa Skimlinks, bila kuwaeleza waziwazi. Wanachama hawakutozwa kitu. Lawama ilikuwa juu ya ukimya.

Nchi nyingine zimekwisha kuchukua hatua. Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho unataka anayesifu bidhaa aonyeshe kama ana faida kwa muuzaji. Ufaransa, sheria ya Juni 2023 inawalazimu watu mashuhuri wa mitandaoni kuonyesha wazi kwamba wanatangaza biashara.

Hapa kwetu hakuna haja ya kungoja sheria. Kiongozi wa kundi anaweza kuweka kanuni leo hii. Mwenye linki ya komisioni aandike kabla ya linki, si chini kabisa: "Mkinunua hapa, napata kitu." Aseme pia kama kifaa hicho amekitumia kwa mikono yake ama amekiona kwenye picha tu. Na ataje angalau njia moja nyingine ambayo haimlipi. Viongozi wenyewe waanze, maana baadhi yao ndio wanaotuma linki nyingi.

Anayefanya hivyo hatapoteza wateja wote. Wengi watanunua kupitia kwake kwa moyo, kama matabishi ya kumshukuru kwa kazi aliyofanya. Atakayekataa kusema, wanachama wana haki ya kumuuliza mbele ya wote, bila matusi, kabla ya kufungua linki yake: "Ndugu, tukinunua hapa, wewe unapata nini?"