Uzuri Usiwe Sababu ya Kudhurika

Wahenga walinena kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike. Methali hii imekaririwa kwa vizazi vingi katika majumba ya pwani, na aghalabu hutolewa pale binti anapolalamika kwamba kitana kinamvuta, kwamba masikio yanamwungua au kwamba dawa ya nywele inamchoma utosini. Hunyamazishwa kwa methali, naye hunyamaza. Maoni ya safu hii ni kwamba wakati umewadia wa kuitazama upya methali hiyo, hasa katika shule zetu, kwani si kila dhara linalovumiliwa kwa ajili ya urembo ni la lazima.

Mwaka juzi mpwa wangu mwenye umri wa miaka 15 alialikwa arusini Mnarani, ng'ambo ya pili ya daraja la Kilifi. Alishinda saluni mjini Malindi tangu asubuhi, akatoka na nywele zilizonyooka zikateremka mabegani kama za singa. Ilikuwa majira ya kusi na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Safari ya kilomita zipatazo 60, madirisha ya matatu yakiwa wazi na upepo wa bahari ukivuma, ilitosha. Alipofika kwenye shughuli, nywele zilikuwa zimejikunja na kurudi zilikotoka, na machozi yakimlengalenga. Shangazi mmoja akamshika bega na kumwambia, "Mwanangu, tia dawa yaishe." Mama yake akakataa. Hapo ukazuka mjadala ambao, kwa hakika, ndio uliozaa makala haya.

Kabla ya kuamua nani alikuwa na haki, yafaa kwanza tufahamu lililotendeka. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikamanishwa kwa vifungo vya aina mbalimbali. Viko vifungo dhaifu, vya haidrojeni, ambavyo hulegezwa na maji na joto, kisha hufungika tena unywele unapokauka, vikiushikilia katika umbo lolote utakalokuwa nalo wakati huo. Viko pia vifungo imara vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Anayekausha nywele kwa mashine huku akizivuta anavichezea vile dhaifu tu. Umbo analolipata ni la kuazima, na unyevu wa hewa huja kulidai. Katika mji wa bara wenye hewa kavu deni hilo huchelewa. Malindi, Watamu na Kilifi hudaiwa jioni hiyo hiyo. Binti yule hakukosea, wala nywele zake hazikuwa na kasoro. Ni sayansi iliyokuwa kazini.

Dawa, kwa upande wake, huvivunja vifungo vile imara. Nyingi kati ya dawa hizo hufanya kazi kwa nguvu ya alikali kali, na baadhi yake zina haidroksidi ya sodiamu, yaani ile kostiki soda ambayo watengenezaji wa sabuni huichanganya na mafuta ya nazi. Ikikaa kichwani kupita muda wake, au ikigusa ngozi iliyokwaruzwa, huunguza. Aidha, unywele uliokwisha kubadilishwa haurudi katika hali yake. Mwenyewe hungojea mpya uote, na nywele huota kiasi cha sentimita moja tu kwa mwezi.

Si hayo tu. Mnamo Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kemikali za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kuwa katika hatari iliyozidi maradufu ya kupata saratani ya mji wa mimba, wakilinganishwa na wale ambao hawakuzitumia. Kwa makadirio yao, wanawake wapatao 1.64 katika kila 100 wasiotumia huupata ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 70, na idadi hiyo hufikia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba, na msichana wa miaka 15 ana miaka mingi mbele yake ya kuzitumia bidhaa hizo. Mama wa mpwa wangu alikuwa na haki.

Je, basi binti akatazwe kunyoosha nywele zake? La hasha. Anayetaka kupendeza siku ya arusi au Idi au Krismasi afundishwe njia yenye madhara machache, nayo inawezekana nyumbani bila gharama kubwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo apake mafuta ya nazi, ambayo Kilifi haina uhaba wake. Wataalamu wamethibitisha kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Asubuhi azioshe na kuzitia kondishena. Kwa kuwa visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu au ya mvua. Azikamue taratibu kwa fulana ya pamba pasipo kuzisugua, apake krimu ya kuzikinga na joto, kisha azigawe mafungu manne na kuzichambua kwa chanuo la meno mapana, akianzia nchani kwenda shinani.

Mashine isiwashwe nywele zikiwa bado zinachuruzika maji. Achukue kifungu chembamba, akinyoshe kwa brashi, na hewa ielekezwe kutoka shinani kwenda nchani. Joto liwe la wastani, mashine iwe umbali wa sentimita 15 hivi, na mkono usitulie mahali pamoja. Asiliache fungu mpaka likauke kabisa, maana unyevu mdogo uliobaki ndio utakaozikunja tena. Amalizie kwa hewa baridi, na usiku azifunge kwa kitambaa cha hariri au satini. Asifanye hivyo kila siku, kwani joto lililozidi nalo huharibu unywele moja kwa moja. Ama lile chanuo la chuma linalotiwa makaani, halina kipimo cha joto. Mwenye kulitumia anabahatisha.

Tahadhari nyingine inahusu umeme. Mashine ya wati 2,000 katika umeme wetu wa volti 240 hutumia zaidi ya ampea 8, na kwa nusu saa humaliza uniti nzima. Isichomekwe kwenye soketi moja na pasi na jokofu, isishikwe kwa mikono iliyolowa, na kamwe isitumiwe bafuni.

Walimu wetu wataona kwamba katika maelezo haya mna kemia, fizikia, hesabu na sayansi kimu. Somo la vifungo vya keratini halihitaji maabara ya fahari; lahitaji unywele mmoja, bilauri ya maji na mwalimu asiyelionea haya swali la mwanafunzi. Msichana anayelijua somo hilo hatadanganywa na tangazo la biashara, wala hatadhani kwamba kichwa chake kina ugonjwa unaongoja dawa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Lugha yetu wenyewe huitaja nywele ya kipilipili kwa dharau na ya singa kwa sifa, na watoto husikia. Katika baadhi ya shule, upande wa pili, mwanafunzi hurudishwa nyumbani kwa sababu ya namna alivyozitengeneza nywele zake, akakosa masomo kwa siku kadhaa. Mnamo Agosti 2016 wasichana wa shule moja mjini Pretoria, Afrika Kusini, waliandamana wakilalamika kwamba nywele zao za asili zilihesabiwa kuwa uchafu. Hapa kwetu, Septemba 2019, Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba mwanafunzi aliyekuwa ameondolewa shuleni Januari mwaka huo kwa sababu ya rasta zake, alizosema ni za imani yake, aruhusiwe kuendelea na masomo. Shule zina haki ya kudai usafi na unadhifu. Lakini kanuni hiyo itimizwe bila kumnyima mtoto darasa, kwani saa ya hesabu iliyopotea hairudishwi na kinyozi.

Wako watakaosema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba binti anayezinyoosha nywele zake amejikana. Sikubaliani nao. Bibi zetu walisuka, wakapaka mafuta, wakafukiza udi na kujipamba kwa asmini. Kuzibadilisha nywele kwa ajili ya sherehe si ugeni katika pwani hii. Utumwa huanza pale mtu anapodhani kwamba hana uso wa kuwatazama wenzake mpaka azibadilishe. Aliyenyoosha leo kwa hiari, na kesho akasuka twende kilioni kwa furaha ile ile, huyo ni mtu huru.

Wazazi wasiharakie dawa, walimu wasiharakie mkasi, na wanafunzi wasiharakie kujichukia. Mpwa wangu alikwenda arusi nyingine Desemba iliyofuata. Alijitengeneza mwenyewe nyumbani, na unyevu wa Kilifi ulipozirudisha nywele zake, alizibana kwa kilemba cha leso na kuendelea kucheza. Alipendeza, wala hakudhurika.