Kota si vyumba tu

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu kota, yaani nyumba za kupanga za serikali, umeeleza vizuri habari ya kodi na lifti, ila ujirani umeupita haraka. Magomeni Kota, Dar es Salaam, ilikuwa na kaya 644. Zilihamishwa, nyumba zikabomolewa, na maghorofa mapya yakazinduliwa mwaka 2022. Miaka yote ya kusubiri, majirani walitawanyika: wa kukuangalizia mtoto, wa kukukopesha unga, wa kucheza naye mchezo wa upatu. Hakuna fidia inayolipa hayo. Naomba serikali, kila inapojenga kota, itenge mahali pa kufunga turubai, kukaa matanga na kupika kwa kuni. Sufuria la watu mia mbili hulipiki ghorofa ya tano! Na wapangaji waulizwe kabla ramani haijachorwa, kina mama na wazee kwanza.