Mtambo wa Upepo Kisiwani Uwe na Wenyewe

Kila pakizungumzwa kuweka mitambo ya umeme wa upepo katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, mazungumzo huanza na kuishia kwenye upepo wenyewe: je, unatosha? Wavuvi wa Makunduchi na Jambiani wangelijibu swali hilo bila kupanda mnara wa kupimia. Kusi wanaijua, kaskazi wanaijua, na maleleji ya katikati wanayajua. Ni kweli kwamba upepo hauna budi kupimwa kwa vyombo, tena kwa mwaka mzima au zaidi, maana benki haikopeshi kwa kauli ya nahodha. Lakini nasema waziwazi kwamba ugumu mkubwa hauko huko. Uko nchi kavu, kwa watu: ardhi ni ya nani, mtambo utakuwa wa nani, na fedha itakayotoka humo itaingia mfuko upi. Mambo hayo yasipoamuliwa mapema, mbele ya wenyeji, mradi utakwama hata kusi ikivuma usiku na mchana.

Mzanzibari hahitaji kuelezwa kwa nini kisiwa kitafute umeme wake. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mei 2008 umeme ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Kabla watu hawajasahau shida ile, Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zikasimama. Madumu yakapangwa foleni visimani tangu alfajiri, na samaki aliyekosa barafu akauzwa kwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri. Baadaye, mwaka 2013, ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Pemba nayo ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Tunashukuru kwa dhati. Hata hivyo karibu kila uniti tunayonunua kwa mita zetu za TUKUZA imevuka bahari kwanza, na aliyeishi ile miezi mitatu anajua maana yake.

Sasa nawaomba mnisikilize habari ya kisiwa kimoja cha Denmark kiitwacho Samsø. Kina kilomita za mraba 114 na watu wasiofika 5,000, wakulima wa viazi na wafugaji. Umeme wao nao ulitoka bara kwa waya wa baharini, na mafuta ya kupashia nyumba joto yaliletwa kwa meli. Mwaka 1997 serikali yao ilikichagua kisiwa hicho kwa mashindano, kiwe mahali pa kujaribia: ndani ya miaka kumi kijitosheleze kwa nishati isiyotokana na mafuta wala makaa ya mawe. Ushindi huo haukuja na fedha yoyote.

Wakazi hawakushangilia. Katika miaka hiyo hiyo machinjio makubwa ya kisiwani yalifungwa, ajira karibu mia moja zikapotea, na mtu aliyepoteza kazi hana hamu ya kuhubiriwa habari za hewa ya dunia. Aliyeibeba kazi ile ni Søren Hermansen, mtoto wa mkulima wa hapo hapo na mwalimu wa masomo ya mazingira. Alikwenda kila palipokuwa na mkutano, akaketi na watu, akawasikiliza. Alizungumza zaidi juu ya kazi za mafundi wa kisiwani na kipato cha wakulima kuliko juu ya jambo jingine lolote. Haikuwa kazi ya mwezi mmoja wala miwili. Mashauri yalirudiwa na kurudiwa mpaka majirani wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Kufikia mwaka 2000, mitambo 11 ya megawati moja moja ilikuwa imesimama nchi kavu. Katika hiyo, 9 ilinunuliwa na wakulima wenyewe, na 2 ikawa mali ya ushirika wa mamia ya wakazi waliokata hisa. Mwaka 2003 ikaongezwa 10 baharini, kusini mwa kisiwa, kila mmoja megawati 2.3, mitano kati yake ikawa ya halmashauri ya kisiwa. Mkazi aliyeuona mtambo kutoka dirishani kwake alipewa nafasi ya kukata hisa. Hapo ndipo penye siri yote. Mlio wa mapanga ya mtambo humchosha asiyepata kitu. Mwenye hisa akiusikia, anajua mkopo wake unalipika.

Wala tusidanganyane kwamba yalikuwa mapenzi matupu. Sheria ya Denmark wakati ule ilimhakikishia mwenye mtambo bei ya kuuzia umeme kwa miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo benki zikakubali kumkopesha mkulima. Bila bei iliyoandikwa, mkulima wa Samsø asingepata mkopo, na mkulima wa Micheweni kule Pemba hatapata vilevile. Wawakilishi wetu na walizingatie hilo: ushirika wa wananchi usio na mkataba wa bei na shirika la umeme utabaki kuwa karatasi.

Nikija kwetu, ardhi ina mambo yake, na hapa nawaomba wataalamu wasitembee haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu za kutumia. Na mti una mwenyewe mbali na ardhi. Chukueni mtambo mmoja tu. Unataka msingi mkubwa wa zege, uwanja wa kreni kusimama, na njia pana ya kupitisha panga moja refu, mita 25 au zaidi, lisilokunjika wala kukatwa vipande. Tuseme kwenye njia hiyo pana minazi sita. Miwili ni ya mama mmoja wa Bwejuu, mitatu ni ya warithi ambao mmoja wao yuko Maskati, na wa sita unagombaniwa tangu enzi za babu zao. Fidia ikilipwa kwa mwenye eka peke yake, mwenye minazi atakwenda kusimama mbele ya kreni, na atakuwa na haki. Mradi wa mamilioni ya dola unaweza kulala miaka kwa sababu ya minazi sita ambayo hakuna aliyeuliza habari zake.

Tena upepo mzuri hauchagui mahali patupu. Uko pwani ya mashariki, kule Paje ambako watalii hupaa na vishada vyao juu ya maji, kwenye hoteli zinazouza mandhari, na ambako bahari ikipwa akina mama hutoka kufunga mwani kwenye vigingi. Mtambo ukiwekwa nchi kavu utamgusa mwenye hoteli. Ukiwekwa majini utamgusa mvuvi na mkulima wa mwani. Mwenye hoteli ana wakili. Je, mkulima wa mwani atasemewa na nani?

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulipa ada ya somo hili. Kule Kinangop mradi wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016, baada ya mzozo wa ardhi na maandamano yaliyofikia kumwaga damu. Kule Ziwa Turkana mitambo 365 inazunguka, megawati 310, na ni jambo la kujivunia. Lakini mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha utaratibu. Upepo haukuwa na kasoro, si Kinangop wala Turkana.

Kuna ukweli mwingine, nao wauza mitambo huuweka nyuma. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, kila sekunde, na gridi ya kisiwa ni ndogo: upepo ukianguka ghafla, mji mzima unaweza kuyumba. Yatakapokuja maleleji, bahari ikatulia kama mafuta, mitambo nayo itatulia. El Hierro, kisiwa cha Uhispania kisicho na waya wa kwenda bara, walilijua hilo. Mwaka 2014 walizindua mitambo 5 yenye jumla ya megawati 11.5, na upepo unapozidi hutumika kupandisha maji kwenye bwawa lililo kwenye kinywa cha volkano, zaidi ya mita 600 juu ya bwawa la chini. Upepo ukilala, maji huteremshwa yakazungusha mashine. Kiangazi cha 2019 waliishi siku 24 mfululizo bila dizeli. Lakini ukihesabu mwaka mzima, upepo na maji vimewapa takriban nusu ya umeme wao tu, na iliyobaki ni dizeli. Sisi hatuna mlima wa namna ile. Kwa hiyo anayetuahidi kwamba upepo utatuondolea waya wa bara anatuongopea. Utatupunguzia kununua, na ukishirikiana na jua na betri utatuwekea hospitali na pampu za maji hai siku waya ukikatika. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa la kutosha kupigania.

Habari ya chumvi, vipuri na bandari sitaipamba. Chumvi hula chuma, na kreni kubwa kuletwa kisiwani ni gharama nzito. Cape Verde, visiwa vya Afrika kama sisi, waliweka mitambo 30 ya kilowati 850 kila mmoja katika visiwa vinne, na umeme ukapatikana. Kwa hiyo inawezekana, mradi mtambo ulingane na gati na barabara, na mafundi wawe wetu. Vijana wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia waanze kufundishwa kazi hiyo kabla msingi wa kwanza haujachimbwa, wasije wakaishia kuwa walinzi wa geti.

Basi nawasihi viongozi na wananchi wenzangu. Mwekezaji akija, msimkimbize, wala msimpe kalamu siku ya kwanza. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe wote barazani, pamoja na kifungu cha nani atayaondoa machuma hayo yakizeeka. Hisa zigawanywe ndogo ndogo, ziweze kukatwa kwa fedha ya msimu mmoja wa mwani, na shehia yenye mitambo itengewe fungu lake kabla ya hisa kuuzwa kwa mtu wa nje. Vipimo vya upepo vibandikwe ofisi ya sheha kila mwezi, kila mtu avisome. Na mikutano yenyewe iitwe siku za maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua akina mama wote wako pwani kwenye mwani, na kikao kitakachofanyika bila wao hakijafanyika.