Mathare Haikuokotwa Jaani

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha mpira huko Huruma, Arsenal wakicheza, na kando yangu kijana wa miaka 19 hivi akataja kikosi chao chote cha 2004, kutoka kwa Lehmann golini hadi kwa Henry mbele. Hakukosea hata jina moja. Mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Basi nikamuuliza, ni timu gani ya hapa kwetu iliyochukua Ligi Kuu ya Kenya 2008? Akacheka, akadhani ni kitendawili. "Gor?" Mwenzake akajaribu Tusker.

Ilikuwa Mathare United. Na hapo tulipokaa, Mathare iko ng'ambo tu ya barabara.

Simlaumu huyo kijana. Nawalaumu waliomtangulia, nikiwemo mimi, kwa sababu hii stori tumeiacha isimuliwe na watu wengine, na hata tukiisimulia wenyewe tunaiharibu. Kuna ile ya filamu za wageni, mmeiona: kamera inaanzia kwenye jaa la takataka, mtoto peku anapiga mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba, muziki wa huzuni, halafu Mzungu mwema anafika na maisha yananyooka. Kisha kuna yetu, ambayo naona ni mbaya zaidi: ati watoto wa ghetto wana talanta tu, iko kwa damu, hawahitaji kitu. Zote mbili ni za uvivu. Ya kwanza inawafanya vijana wa Mathare kuwa watu wa kuokotwa. Ya pili inawafanya kama mimea iliyoota yenyewe, na mmea ulioota wenyewe nani ataununulia mbolea?

Acha tuseme ilivyokuwa. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilianza 1987. Bob Munro, Mkanada, ndiye aliyekianzisha, na sina haja ya kumfuta. Mtu akifanya kazi apewe haki yake. Lakini Munro hakuweza kuzibua mitaro yote ya Mathare kwa mikono yake miwili. Ligi ilikuwa na sheria moja ambayo sijaiona Uingereza wala Uhispania: timu iliyoshinda mechi ilipata pointi zake, na timu iliyojitokeza na makoleo na matoroli kusafisha mtaa ilipata pointi pia, tena nyingi kuliko za ushindi. Kwa hivyo mngeweza kuwafunga wenzenu wote uwanjani na bado mkose ubingwa kwa kukwepa mtaro. Hebu niambie ni kocha gani wa Ulaya angeikubali hiyo.

Sasa, sheria kama hiyo haijiendeshi. Lazima mtu aandike. Nani alikuja Jumamosi, nani alileta udhuru, mechi ya saa mbili ilianza saa ngapi, kadi ya manjano ilikuwa ya nani, refa alikuwa mtoto wa nani (hilo nalo lilikuwa na kesi zake). Mitaa iligawanywa kwa kanda, vijana wakachagua viongozi wao, wakakaa kwenye vikao virefu vya kuchosha wakibishana juu ya pointi. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ukawapa tuzo ya Global 500. Dunia ikaona takataka na mpira. Haikuona madaftari. Na mimi nasema madaftari ndiyo yaliyoifanya ile kazi, kwa sababu ligi ya maelfu ya watoto haiwezi kusimama kwa talanta pekee. Talanta haijui kupanga ratiba.

Kutoka huko ndiko Mathare United ilikotoka 1994. Ikachukua kombe la Moi Golden Cup 1998, ikalirudia 2000. Harambee Stars walipokwenda Tunisia 2004 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika na kuwanyuka Burkina Faso 3-0, Dennis Oliech aliyefunga moja ya mabao hayo alikuwa amepita Mathare United, na hakuwa peke yake kwenye kile kikosi. Miaka minne baadaye ikaja ligi. Mwaka ule ule wa 2004 ambao kijana wangu wa kibandani anaujua kwa moyo, jamaa wa mtaa huu walikuwa wanaichezea nchi, na sisi tukaamua kukariri Highbury.

Najua jibu litakalokuja. Mpira wa Kenya umekufa, kiwango kiko chini, viongozi ni wezi, nani atalipa kiingilio kutazama pasi za hovyo kwenye vumbi? Sawa, mengine ni kweli. FIFA ilitufungia 2022 na hatukuonewa na jirani yeyote. Lakini hii ya kiwango mnaitumia kama kitambulisho cha ujanja, tu. Agosti 2025 CHAN ilipokuja tulijazana Kasarani mpaka watu wakakosa tiketi, kwenda kutazama wachezaji wa ligi hii hii mnayosema haitazamiki. Kumbe inatazamika, mradi kuwe na bendera na picha za kupiga. Mathare United iliposhuka daraja 2023, base zetu zilikuwa zinabishana juu ya Arsenal kuupoteza ubingwa kwa Manchester City. Iliporudi Ligi Kuu 2024, kimya vile vile.

Na wakati tunanyamaza, vitu vinapotea. Mzee mmoja ninayemfahamu aliweka rekodi za timu yetu ya mtaa, timu ndogo tu, haikuwahi kufika popote, tangu enzi zile za makoleo. Madaftari tisa, kwenye mfuko wa nailoni, chini ya kitanda. Aprili 2024 Mto Mathare ulipofurika usiku, aliokoa wajukuu. Mwezi uliofuata matingatinga yakaja kubomoa nyumba za kando ya mto, kwa hivyo hata pa kurudi kufukua matope hapakuwepo. Hakuna jumba la makumbusho lililokuwa na nakala. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepiga picha ukurasa mmoja, na sote tuna simu zenye picha elfu za chipsi.

Kwa hivyo Jumapili hizi nakwenda kwake na simu yangu. Anasimulia, mimi naandika: tarehe, mpinzani, matokeo, nani alizibua mtaro gani. Kumbukumbu yake inatisha, lakini si daftari. Tumefika msimu wa 1996 na tumekwama kwenye mechi moja ya matope tuliyoshinda 2-1. Bao la kwanza linajulikana. La pili linadaiwa na watu wawili, mmoja sasa ni makanga wa matatu na mwingine anauza mitumba Gikomba, na kila mmoja ameniapia kwa mamake. Mzee anasema waliokuwa uwanjani siku hiyo walizidi hamsini. Nimewapata wanne.